Aliyecheleweshwa Si Aliyechelewa

Mwezi mmoja kabla ya sherehe ya kutupa vyeti, niliitwa ofisini nikapewa kazi. Eti kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, nisome neno la shukrani kwa niaba ya wenzangu. Dakika tatu, zisizidi. Nikakubali haraka, maana nani anakataa kushukuru? Nikarudi nyumbani, nikakaa barazani, nikafungua daftari, nikaandika neno moja: "Tunashukuru." Kalamu ikasimama hapo. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima.

Nieleze kidogo kwa nini. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, nikiwa na miaka 11, ndani ya boti ya mbao, kutoka upande wa Fizi. Sekondari nimeimalizia humu humu kambini mwaka 2005, na mtihani nilifaulu vizuri. Nikaomba nafasi ya masomo ya juu. Nikaambiwa vyeti vya shule zetu bado havijatambuliwa. Miaka ikapita, vikatambuliwa, ila nafasi zilizotangazwa zilikuwa za walio chini ya miaka 25, na mimi nilikuwa nimeshapita. Nikaomba tena, nikaomba tena. Nilipopata stashahada ya miaka miwili kwa njia ya intaneti nilikuwa na miaka 37, watoto wanne, na miwani. Ofisi sizitaji. Wale niliowakuta kwenye zile meza wamehama zamani, na wengi walikuwa watu wema waliotumwa kusema hapana.

Sasa nishukuru nini hasa? Hilo ndilo swali la makala hii, na aliyenisaidia kulifikiria ni mwanamke mmoja Mmarekani, mwimbaji wa opera, aliyekufa mwaka 1993.

Nilikutana naye kwenye somo la Kiingereza. Tulipewa habari ya kusoma, ukurasa mmoja, kuhusu Marian Anderson. Nikaisoma kwa ajili ya mtihani, halafu nikaendelea kumtafuta usiku, bando likiniruhusu.

Kwa wasioijua opera: ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba. Wanagombana kwa kuimba, wanapendana kwa kuimba, wanakufa kwa kuimba, na kundi kubwa la wapiga vyombo liko chini mbele ya jukwaa. Kwa kawaida hakuna maikrofoni. Sauti ya mtu mmoja inatakiwa ipite juu ya vyombo vyote imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Ni kazi ya kifua, ya miaka mingi ya mazoezi. Na kama magoti ya mchezaji mpira, ile sauti ina umri wake.

Marian Anderson alizaliwa Philadelphia mwaka 1897, akaanza kuimba kwenye kwaya ya kanisa lao akiwa mtoto. Sisi wanakwaya tutamwelewa. Alijifunza sauti zote nne za wimbo, na asipofika mtu anaijaza nafasi yake. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ile ya chini kabisa ya wanawake, nzito, ya kina. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alikufa. Mama akabaki na mabinti watatu na kazi za kufua na kusafisha. Shule ikakatika kwa miaka. Alimaliza sekondari mwaka 1921, akiwa na miaka 24. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilikuwa nimedhani watu wa namna hiyo tuko kambini tu.

Alipokuwa msichana alikwenda kujiandikisha kwenye shule moja ya muziki mjini kwao. Akapanga foleni. Binti aliyekuwa dirishani akawahudumia wengine wote, yeye akaachwa hadi mwisho, halafu akaambiwa shule ile haichukui watu weusi. Alikuja kuisimulia habari hiyo kwenye kitabu cha maisha yake, na jina la shule hakulitaja. Watu wa kanisa lake ndio waliochanga fedha za kumlipia mwalimu. Mchango wa watu maskini, sarafu juu ya sarafu, kama tunavyochangiana msiba humu.

Miaka ya 1930 alikwenda Ulaya, na huko milango ilifunguka: Sweden, Finland, Denmark, Austria. Mwaka 1935, mjini Salzburg, kiongozi wa okestra Arturo Toscanini alimsikia akasema sauti kama ile husikika mara moja katika miaka mia. Alirudi kwao akiwa na jina kubwa, na bado kwao kulikuwa kwao. Mwaka 1937 alikwenda kuimba Princeton, hoteli ikakataa kumlaza kwa sababu ya rangi yake. Aliyempokea nyumbani kwake ni Albert Einstein, mwanasayansi Myahudi aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler Ujerumani. Yaani mzaliwa wa nchi alikosa pa kulala nchini mwake, na mlango akafunguliwa na mkimbizi. Hilo nimewasimulia watoto wangu mara nyingi.

Mwaka 1939 aliombewa kuimba kwenye ukumbi mkubwa wa Washington, Constitution Hall. Wenye ukumbi, chama cha wanawake waliojivunia ukoo wa wapigania uhuru wa Marekani, wakakataa. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akajiuzulu uanachama wake. Ndipo Marian akaimba nje, kwenye ngazi za sanamu ya Lincoln, Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili. Walikuja watu 75,000, na mamilioni wengine walimsikia redioni. Katika wimbo wa kwanza, wa kuisifu nchi, inasimuliwa kwamba alibadilisha maneno kidogo: penye "mimi" akaimba "sisi".

Nimetaja yote hayo ili nifike hapa. Hadi siku ile ya 1939, na kwa miaka 15 zaidi, jumba kubwa la opera la nchi yake, Metropolitan Opera la New York, lilikuwa halijampa mwimbaji mweusi hata mmoja nafasi ya kuigiza na kuimba kwenye jukwaa lake. Jumba hilo lilianza mwaka 1883. Mlango ulifunguliwa tarehe 7 Januari 1955, na aliyeingia wa kwanza ni yeye. Alipewa nafasi ya Ulrica, mwanamke mtabiri, kwenye opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Ulrica anaonekana katika sehemu moja tu ya mchezo, basi. Marian Anderson alikuwa na miaka 57. Pazia lilipofunguka watu walipiga makofi kabla hajatoa sauti, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitetemeka. Wengi waliomsikia walisema ile sauti ya miaka mia haikuwa tena kama zamani.

Swali basi: mlango unaofunguliwa baada ya sauti kuchoka, tuushukuru?

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya niliwawekea wenzangu rekodi yake kwenye spika ndogo, halafu nikawasimulia habari hii na kuwaambia kuhusu hotuba iliyonishinda. Walibishana hadi giza likaingia.

Mzee wetu wa sauti ya nne akasema, "Papa, wewe unajitafutia matatizo. Kawia ufike. Huyo mama alifika. Wewe pia umefika. Sema asante, ukae."

Dada mmoja kijana, wa sauti ya kwanza, akamkatiza. "Mie ningekataa. Walimnyima akiwa na sauti, wakamwita akiwa na jina. Wamempa nini hapo? Yeye ndiye amewapa wao."

Nikakaa katikati yao, nikiona wote wawili wana haki na wote wawili wamekosea mahali.

Nianze na mzee. "Kawia ufike" ni methali ya msafiri. Inamtuliza mtu anayekwenda polepole kwa sababu zake, ili asikimbie akaanguka. Aliyekawia hapo ni yeye mwenyewe. Lakini mtu aliyefika kituoni alfajiri, tiketi mkononi, akazuiwa getini hadi jioni, huyo hakukawia. Aliyecheleweshwa si aliyechelewa. Tukilitumia neno moja kwa wote wawili, tunaisafisha mikono ya mwenye geti. Hata mimi nimejikuta nikiwaambia watoto, "Baba yenu alichelewa kusoma." Si kweli. Nilifaulu mwaka 2005.

Halafu shukrani yenyewe. Nadhani tunachanganya mambo mawili. Jirani akiniletea unga siku ambayo mgao umeisha, hiyo ni zawadi. Hakuwa na deni kwangu. Nikimshukuru hadharani, hata kwa maikrofoni, ni sawa kabisa. Lakini jirani akichukua jembe langu, akakaa nalo miaka 15, halafu akanirudishia limeliwa na kutu, nitasema asante kwa sababu nimelelewa vizuri, ila hakuna mtu mwenye akili atakayeitisha mkutano ili nimsifu kwa ukarimu wake. Na akinilazimisha nimsifu, amefanya kosa la pili. Amegeuza jembe langu kuwa zawadi yake.

Madhara ya hiyo shukrani ya uongo hayaishii kwangu. Yupo mwingine ambaye jembe lake bado halijarudi. Mimi nikisimama na kusema, "Tunashukuru kwa ukarimu huu mkubwa," yeye akienda kesho kudai chake ataonekana ombaomba. Nitakuwa nimemfungia mlango kwa asante yangu.

Sasa nimgeukie dada. Anasema angekataa. Ninamheshimu, maana kuna wakati kukataa ndiyo heshima pekee iliyobaki. Lakini aliyemfungulia Marian Anderson mlango hakuwa aliyeufunga. Jumba lilikuwa limefunga kwa miaka zaidi ya 70. Rudolf Bing, mkurugenzi aliyemwalika, alianza kuliongoza mwaka 1950. Aliyenirudishia jembe huenda ni mtoto wa yule aliyelichukua. Mtoto huyo ametembea jua kali kuniletea. Nikimtemea mate nimemwonea. Yule kijana wa shirika aliyenipigania nafasi yangu, aliyekaa na mimi hadi saa mbili usiku kujaza fomu wakati wenzake wameshapanda gari, hakunichelewesha hata siku moja. Huyo namshukuru kwa moyo wote, na ni shukrani ya kweli.

Tena tazameni kilichofuata. Wiki tatu baada ya Marian, Robert McFerrin akaingia jumba lile lile, mwanaume mweusi wa kwanza kuimba humo nafasi kubwa. Mwaka 1961 akaingia Leontyne Price, akiwa na miaka 33, sauti ikiwa moto. Mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa upande wa Marian ulifunguka kwa wakati upande wa Leontyne. Kama yule mama wa miaka 57 angesema, "Sauti yangu imechoka, bakini na jumba lenu," nani ajuaye wangengoja nani na hadi lini? Yeye aliingia na sauti aliyobaki nayo, kama mtu anayeweka jiwe mlangoni ili upepo usiufunge tena. Na hakuingia popote kwa hali yoyote. Alikuja kukataa kuimba kwenye kumbi zilizotenga watu kwa rangi. Constitution Hall alikuja kuimba mwaka 1943, watu weusi na weupe wakiwa wamekaa pamoja, na mwaka 1964 akaanzia hapo safari yake ya kuaga jukwaa.

Nilidhani nimemaliza. Nikawa tayari kuandika hotuba. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa kimya muda wote akikunja kitenge chake, akauliza, "Na ambaye sauti yake si ya miaka mia?"

Huyu mama alikuwa nesi huko kwetu. Nesi wa kweli, wa cheti, aliyezalisha akina mama usiku kwa taa ya koroboi. Kambini cheti chake hakikukubaliwa. Akafanya kazi ya kuhamasisha watu kunawa mikono, kwa posho. Miaka ikaenda. Siku moja wakamwita, cheti kimekubaliwa, aje zahanati. Alikwenda. Wakampa sindano atafute mshipa kwenye mkono wa mtoto. Macho yakakataa. "Nilirudisha sindano mezani," akasema, "nikawaambia samahani. Mimi niliomba samahani, mnasikia? Hakuna wimbo juu yangu. Mimi nilikuwa nesi wa kawaida."

Hakuna aliyemjibu. Sina hakika kama mimi pia ninalo jibu leo.

Ninachoweza kusema ni hiki. Habari ya Marian Anderson inatudanganya tukiisoma vibaya. Inatufanya tuone kosa lilikuwa kumnyima mtu mwenye kipaji kikubwa. Hapana. Ile shule ya muziki ingekosea vilevile kama binti yule kwenye foleni angekuwa na sauti ya kawaida. Dirisha lilifungwa kabla hajafungua mdomo. Hawakuisikia sauti, waliona ngozi. Haki ya kuhudumiwa foleni inapofika zamu yako haitokani na kipaji. Lakini sisi huku tumezoea kusimulia mkimbizi mmoja aliyeshinda mbio, mmoja aliyepata nafasi ya Ulaya, mmoja anayechora vizuri. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnapenda sana picha hizo, na hata sisi tunazipenda. Ila kila picha ya namna hiyo inasema chini chini kwamba mlango ni tuzo. Na yule nesi wa kawaida anaitazama ukutani akijiuliza alikosa nini. Hakukosa kitu. Alikosewa.

Kwa hiyo hasara yake haifidiwi na mafanikio ya watakaomfuata. Leontyne Price hakumrudishia Marian Anderson miaka yake. Kusema "angalau wengine watafaidi" ni kweli, na bado ni nusu. Mtu mzima anatakiwa aweze kuyabeba yote mawili kwa kinywa kimoja: kumshukuru aliyefungua, na kuutaja muda ambao mlango ulifungwa. Akisema la kwanza peke yake, anadanganya. Akisema la pili peke yake, anamwonea aliyekuja jua kali na jembe mkononi.

Usiku ule kalamu ikatembea.

Siku ya sherehe nilivaa suti ya kuazima. Nikawataja walimu wetu kwa majina, na yule kijana wa fomu nikamtaja kwa jina. Halafu nikasema, "Vyeti hivi tunavipokea kwa furaha. Baadhi yetu tulivistahili miaka mingi iliyopita, na wapo walioomba pamoja nasi ambao leo hawapo, au wapo na macho yamechoka. Hatusemi hivi kwa hasira. Tunasema ili isihesabike kwamba wao walichelewa. Tunaomba mlango huu usirudishwe, na usingoje mwenye kipaji cha ajabu. Sisi tutausimamia pia." Nikakaa. Dakika mbili na nusu.

Palikuwa kimya kidogo, kisha akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Baadaye mgeni mmoja wa shirika alinifuata kwenye meza ya soda akaniambia, kwa upole, kwamba hotuba ilikuwa kali kidogo kwa siku ya furaha. Nikamwambia nilijaribu iwe ya kweli, na kama nimemuumiza yeye binafsi anisamehe. Akafikiri. Akaniuliza huyo mwenye macho yaliyochoka ni nani. Nikamwonyesha. Akaenda akakaa naye. Walizungumza nini sijui, sikuuliza.

Sasa kila Jumanne jioni, chini ya mwembe nyuma ya kanisa, nawasaidia vijana kujaza fomu za masomo. Wiki iliyopita walikuwa 14. Mdogo kabisa ana miaka 17, hesabu inamsumbua, na Kiingereza chake ni cha kuokota okota. Aliniuliza kama mtu wa alama za kawaida anaruhusiwa kuomba. Nikamwambia akae, achukue kalamu, aanze na jina lake.